Daftari Halimjui Aliyetoa

Ukichangia damu Kitui mjini au kule Wote, damu yako itapimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Yote hayo ni kwa ajili ya atakayeipokea, na ni haki yake. Lakini yule aliyenyoosha mkono je? Tunadaiwa nini naye?

Niliacha chuo mwaka wa pili, ila takwimu kidogo nilizosoma hazijaniacha. Kuna njia moja rahisi ya kukagua data: usikimbilie wastani, tazama kwanza nambari zinavyokaa. Hapa Kenya mchangiaji anatakiwa awe na himoglobini isiyopungua gramu 12.5 kwa desilita. Miili ya watu haiijui nambari hiyo. Kwa hivyo ukikuta kwenye daftari lolote 12.5 zimerundikana na 12.4 karibu hazipo, hapo hujasoma habari za damu. Umesoma habari za mlango na za aliyekuwa akiulinda.

Sasa, tumlaumu nani? Mama anavuja damu baada ya kujifungua, friji karibu tupu, na shule zimefungwa, wakati wanafunzi wa sekondari ndio tegemeo kubwa la uchangiaji nchini. Muuguzi anayeisukuma 12.3 ikawa 12.5 hana roho mbaya. Huenda hata ameokoa mtu. Lakini bei ya uongo huo mdogo inalipwa na mwingine, na huyo hakuulizwa.

Maana pakiti moja ya mililita 450 huondoka na zaidi ya miligramu 200 za madini ya chuma. Soda na biskuti hurudisha maji na sukari, basi. Chuma chenyewe kitasubiri muthokoi wa bweni, na chuma cha mahindi na maharagwe mwili hukifyonza kidogo sana, hasa kikisindikizwa na chai. Msichana anayeona hedhi kila mwezi huanza na akiba ndogo tayari. Tena himoglobini yaweza kusoma vizuri huku akiba inakwisha. Kipimo cha akiba ni ferritini, nacho si sehemu ya maswali ya kawaida pale kambini.

Kule England, utafiti uitwao INTERVAL, uliochapishwa 2017, uliwafuata wachangiaji kama 45,000 kwa miaka miwili. Waliotoa mara nyingi zaidi ndio walioishiwa chuma zaidi. Waliweza kuliona hilo kwa sababu walijua nani ni nani. Sisi huku unaruhusiwa kutoa damu ukiwa na miaka 16, ila kitambulisho hupati hadi 18. Binti aliyetoa akiwa kidato cha tatu Mwingi, kisha akatoa tena chuoni Makueni, anaweza kuwa watu wawili kwenye rekodi, wote wageni. Ile miezi minne ambayo mwanamke anafaa kupumzika utaihesabuje kati ya watu wawili?

Na aliyerudishwa? Ataambiwa, "Kula mboga, mrembo," arudi darasani. Ndiye hasa tuliyehitaji kumwandika, kwa sababu wanaobaki kwenye daftari ni wenye afya, na daftari linaanza kujisifu. Mimi ningempa mstari wake, na nambari ya simu ya mzazi. Vidonge vya chuma si vya kutafutwa mbali. Kliniki ya wajawazito huvigawa bure.