Hazina Katika Shamba la Mwingine
Soma Mathayo 13:44. Mtu yule alikuta hazina katika shamba lisilo lake, akaificha, kisha akauza vyote alivyo navyo akalinunua. Je, aliyemuuzia hakustahili kuambiwa?

Huko Ushirombo swali hili si la darasani tu. Mjomba na mpwa wake hutoka na detekta ya dhahabu, wakapita katikati ya mihogo ya watu. Mashine inalia. Chini kuna punje ya dhahabu, au msumari (mara nyingi ni msumari), na mwenye shamba yuko nyumbani, hajui lolote. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema madini ni mali ya umma, na kuyachimba kunahitaji leseni. Wengine hujificha hapo: kama dhahabu si ya mkulima, aambiwe ya nini? Lakini sheria hiyohiyo inataka ridhaa yake kabla ya kuchimba penye mazao.

Yesu alitaja furaha ya mtu yule. Ukimya wake hakuusifu. Hodi ipigwe kabla detekta haijawashwa. Ikishalia, ulimi huwa mzito, na mpwa anasikiliza mjomba atasema nini.