Ulimi wa Dalali

Neno dalali lina umri mkubwa kuliko kazi tunayoifahamu leo kwa jina hilo. Lilitujia kutoka Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuonyesha. Ndugu yake katika lugha yetu ni neno dalili. Kwa asili ya neno, basi, dalali ni mwonyeshaji. Wazee wa pwani walilitumia hasa kwa mtu wa mnada, yule asimamaye mbele ya kadamnasi akanadi mali kwa sauti kuu, na maana hiyo ingali hai tunaposema dalali wa mahakama. Mtu wa mnada aweza kusifu kupita kiasi, lakini bei aitajayo husikiwa na wote kwa wakati mmoja: mwenye mali, mnunuzi, na mpita njia asiye na senti mfukoni. Dalali wa nyumba wa siku hizi ni kinyume chake. Kazi yake yategemea sana kwamba watu wawili wasisikizane. Hunong'ona huku, akanong'ona kule, na riziki yake hukaa katikati ya minong'ono miwili.

Nimelitafakari jambo hili kwa sababu nilipata kumtumia dalali kuuza nyumba ya marehemu mama yangu huko Kibaha, nami sikutoka katika shughuli hiyo na dhamiri nyeupe kama nilivyoingia. Nataka kuuliza swali moja tu: uwongo nisioutamka mimi, bali uliotamkwa kwa faida yangu na mtu niliyemtuma, ni wa nani?

Yafaa kwanza msomaji aione nchi yenyewe. Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko kando ya barabara kuu ya Morogoro, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Mji huo ulipata sifa tangu 1963, ulipoanzishwa mradi wa elimu kwa msaada wa nchi za Nodiki, ambao sasa ni Shirika la Elimu Kibaha. Kusini yake, juu ya vilima vya Pugu, iko Kisarawe, nchi ya Wazaramo, mikorosho na minazi. Zamani mtu wa Dar es Salaam aliyesema anakwenda Kisarawe alieleweka kuwa anakwenda shamba. Leo jiji limepanda vilima. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria mwaka 2024, nayo hupita Pugu na Soga. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa mwaka 2025. Na katika barabara za pande zile ni taabu kuona mti au nguzo isiyobandikwa kibao cha viwanja vinauzwa, na namba ya simu chini yake. Namba hiyo si ya mwenye kiwanja.

Mama alipofariki, Mahakama ya Mwanzo iliniteua kuwa msimamizi wa mirathi. Tulikuwa warithi wanne, na hapana hata mmoja aliyetaka kuishi katika nyumba ile. Mama aliijenga chumba kwa chumba, kwa mshahara wa mpishi wa shule, muda wa miaka kumi na minne. Ilikuwa nyumba njema yenye ila moja: wakati wa masika maji hupanda kutoka ardhini, yakatokeza katika sakafu ya chumba cha nyuma. Si mafuriko. Ni maji ya kimya, ambayo usiku huwa unyevu na asubuhi huwa kidimbwi. Mama aliyazoea. Aliweka vitanda juu ya matofali, akasema kila nyumba ina mgeni wake.

Nilimpata dalali kwa jina la kuelekezwa na jirani. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye pikipiki na simu mbili. Nilimwambia bei yetu ni shilingi milioni 60. Alipouliza malipo yake nikamjibu, kama wengi tujibuvyo, "Tutaonana." Kisha nikamweleza habari za maji. Akacheka kwa upole akasema, "Dokta, hilo niachie mimi. Nyumba tutaiuza mwezi wa nane."

Mwezi wa nane ni kiangazi. Alishauri sakafu ipigwe saruji mpya na ukuta upakwe rangi, nami nikatoa fedha. Alishauri pia kwamba siku ya mkataba tuandike milioni 40, ili kodi ya ongezeko la mtaji ipungue. Hilo nililikataa, nikajiona mtu mwadilifu sana. Lakini ninapokumbuka maneno yale, niachie mimi, nakumbuka zaidi raha niliyoisikia moyoni. Nilikuwa nimetua mzigo. Mimi, ambaye kila mwaka huwafundisha vijana kwamba neno ni amana, nilifurahi kupata mtu wa kunibebea neno nisilotaka kulisema.

Suala hili ni kongwe kuliko Kibaha. Katika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe, aliyekuwa akisoma Athens, kitabu juu ya wajibu, na ndani yake akaweka kisa cha nyumba. Mtu mwema anauza nyumba ambayo watu huidhani ina afya, kumbe ni ya maradhi. Vyumba vyake vina wadudu na mbao zake ni mbovu. Wala hapana ajuaye ila mwenyewe. Je, akinyamaza, amedhulumu? Cicero awashindanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Antipater ashikilia kuwa kunyamaza ni kumwacha mtu apotee njia hali wewe waijua. Diogenes ajibu kuwa mwuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na mnunuzi ana macho yake; tena aona ni kichekesho kikubwa mwenye mali kumwamuru mtu wa mnada atangaze mbele ya watu kuwa nyumba inayouzwa ni ya maradhi. Msomaji ataona kwamba dalali yumo katika kisa hiki tangu mwanzo. Cicero mwenyewe aamua kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, wale ambao habari yawahusu wasiijue.

Aongeza na kisa kilichotokea kweli. Makuhani wa Roma watazamao ndege walimwamuru Claudius Centumalus apunguze urefu wa nyumba yake, kwa kuwa iliwazuia kuona anga. Yeye akaiuza upesi kwa Calpurnius Lanarius bila kumwambia. Lanarius akapewa amri ile ile, akabomoa, kisha akapata habari kwamba mwenziwe alijua, akamshitaki. Hakimu aliamua kwamba mwuzaji alijua na hakusema, basi na alipe. Nilipowasomea wanafunzi kisa hiki, mmoja alisema, "Mwalimu, hiyo ni alama ya X." Alisema kweli. Mwaka 2017 nyumba nyingi kutoka Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa katika hifadhi ya barabara, na kwetu alama ya X nyekundu ukutani husomwa hata na mtu asiyejua kusoma. Alama hufunikwa kwa rangi kwa muda wa saa moja. Na huko Kisarawe, karibu na msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi, ambao mipaka yake imegombaniwa miaka mingi, mnunuzi aweza kuonyeshwa kiwanja kizuri chenye kivuli kingi, asiambiwe kivuli kile ni cha nani.

Fikihi ya Kiislamu nayo humpa mnunuzi hiari ya kukirudisha kitu akigundua ila iliyofichwa. Sitaendelea na ushahidi. Watu wa kila zama wamelijua neno hili, na wa kila zama wametafuta mlango wa kulikwepa. Mlango wa siku zetu ni dalali.

Narudi Kibaha. Mnunuzi alipatikana, mzee mmoja wa Kisarawe, mwalimu mstaafu, aliyeuza shamba lake la mikorosho ili akae karibu na hospitali na wajukuu. Nilikuwa nimeambiwa nisionane naye kabla ya siku ya mkataba. Dalali alisema wanunuzi huvunjika moyo wakimwona mwenye nyumba. Lakini Jumapili moja nilipokuwa pale nikihamisha vyombo vya mama, mzee aliingia peke yake na mkongojo wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akakaa juu ya kreti la soda, akatazama ua. Tukazungumza juu ya mvua, juu ya korosho, juu ya mama. Akasema, "Milioni 68 ni fedha nyingi kwangu, mwalimu mwenzangu, ila wanangu wamenichangia."

Nilinyamaza. Milioni 8 zilikuwa cha juu, kama madalali wenyewe waitavyo. Kisha nikapata habari kwamba shamba lake aliliuza kwa mkono wa dalali huyu huyu, na ni kiasi gani kilichobaki njiani kule, hata yeye hakukijua.

Kabla sijapata la kusema akauliza, "Nyumba hii ina ila gani?"

Swali lile lilikuwa fupi, nalo halikuacha nafasi ya mtu wa tatu. Mpaka dakika ile ningaliweza kusema kwamba sikudanganya mtu. Nilitengeneza sakafu, nani akatazwaye kutengeneza sakafu? Nilichagua mwezi, nani hachagui mwezi? Lakini hoja ya Diogenes ina nguvu maadamu hapana aulizaye; na dalali, nilitambua hapo, alikuwa ukuta niliojijengea nisiulizwe. Nikamwambia habari za maji. Nikamwambia na bei yetu.

Dalali alikuja jioni kwa hasira, nami naona ni haki niyaandike maneno yake, kwa kuwa yalinichoma kuliko nilivyotarajia. "Dokta, umenikata riziki. Nimemleta mtu huyu mara nne kwa mafuta yangu. Uliniambia tutaonana. Tutaonana ni shilingi ngapi? Wewe una mshahara. Ungeniandikia asilimia yangu mwanzo, ningetafuta cha juu cha nini?"

Sheria haikuwa upande wake. Sheria yetu ya mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, yamtaka wakala amkabidhi aliyemtuma kila fedha aliyopokea kwa niaba yake. Cha juu cha siri hakina pa kusimama. Wala Serikali haiidharau kazi yake: amri ya Julai 2025 imeuweka udalali wa nyumba na ardhi miongoni mwa kazi ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya. Lakini maadili yalikuwa upande wake zaidi ya nilivyopenda. Nilipomwambia tutaonana nilikusudia, kama nitasema kweli, kumlipa kidogo. Nilimwachia ujira gizani, kisha nikastaajabu kwamba alijilipa gizani. Twapenda kusema madalali ni waongo, kana kwamba uwongo ni desturi ya kabila lao. Waongo wapo, naam. Lakini mtu aliyetumwa kuficha ila ya nyumba, na ambaye hakuahidiwa ujira, amefundishwa na aliyemtuma mambo mawili kwa siku moja: kwamba kuficha kunaruhusiwa, na kwamba yeye mwenyewe si mtu wa kuambiwa wazi. Akaniuzia somo langu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijaridhika na methali hii katika mambo ya nyumba, maana nyumba haijitembezi, nzuri wala mbaya; haina budi itafutiwe miguu. Mjane wa Maneromango asiyejua bei za Kibaha amhitaji dalali mwaminifu kama mgonjwa amhitajivyo tabibu. Kwa hiyo sisemi kazi ifutwe. Nasema ni vigumu mtu mmoja kuazimwa ulimi na watu wawili wenye haja mbili, na kila mmoja akadhani ni wake peke yake.

Lilibaki jambo lililonisumbua kuliko hayo, nalo sijalimaliza hadi leo. Mzee, baada ya kusikia habari za maji, alitoa milioni 57. Mdogo wangu aliponisikia alisema, "Kaka, ukweli huo umeununua kwa fedha zetu." Nilikuwa msimamizi, mali haikuwa yangu. Mtu aweza kutoa sadaka kwa mkono wake, lakini si kwa mkono wa nduguze. Je, msimamizi ana haki ya kuwa mkweli kwa hasara ya warithi? Dada yangu alisema fedha ipatikanayo kwa kuficha haikuwa yetu tangu awali, kwa hiyo hatukupoteza kitu. Ni jibu zuri, na huenda ni la haki. Lakini nimeona kwamba majibu mazuri hutoka kwa urahisi kwa mwenye kula mshahara, na mdogo wangu hana kazi. Nilizikata zile milioni 3 katika fungu langu. Dalali nilimlipa pia katika fungu langu, asilimia 5 ya bei, akazipokea bila kusema ahsante na bila kuzihesabu. Mdogo wangu alizipokea zake, naye akazihesabu.

Masika yaliyofuata mzee alinipigia simu alfajiri. Nilidhani ni msiba. "Mwalimu," akasema, "yamekuja. Ni pale pale ulipoonyesha, chini ya dirisha." Nikamwuliza kama yamemharibia kitu. Akasema hapana, vitanda ameviweka juu ya matofali.