Ukuta Uliokuwa Ukituonya

Kaka yangu anaishi Embu, upande wa Kangaru, nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi. Mtoto wake wa pili ana pumu. Miaka michache iliyopita alinunua mashine ya stima ya kusafisha hewa akaiweka chumbani kwa mtoto. Miezi miwili ya kwanza mtoto alilala usiku kucha bila kukohoa.

Ndani ya mashine hiyo mna nyaya nyembamba zenye umeme wa maelfu ya volti. Chembe za vumbi na moshi zikipita hapo hupata chaji, kisha hunaswa na mabamba ya chuma yaliyo nyuma yake. Ni kanuni ileile ambayo Frederick Cottrell aliipatia hataza Marekani mwaka 1908, akilenga moshi wa viwandani. Lakini vumbi likishanaswa haliendi popote. Linangoja mkono wa kuliosha. Mabamba yakijaa, vumbi jipya hupita na kurudi chumbani, huku feni ikizunguka na mwenye nyumba akiamini kwamba analindwa.

Ishara zilikuja moja baada ya nyingine. Kwanza sauti ya kupasuka-pasuka, kama chumvi iliyomwagwa kwenye moto. Shemeji akadhani ni wadudu wanaoungua. Ikafuata harufu kali kama ile ya baada ya radi. Hiyo ni ozoni, na huwasha koo na kubana kifua, hasa cha mwenye pumu. Siku hizo nilikuwa mgeni wao. Niliisikia harufu hiyo nikamwambia kaka kuwa ni dalili ya hewa safi. Nilikosea, naye akaniamini. Taa nyekundu ya kukumbusha kuosha ilipowaka, wakaifunika kwa karatasi kwa sababu ilimsumbua mtoto usingizini. Halafu ukuta ulio karibu na mashine ukaanza kuwa mweusi. Wakaupaka rangi, ukarudi kuwa mweusi. Kila nikikumbuka habari hii naurudia ukuta ule. Uchafu tuliodhani umenaswa ulikuwa mbele ya macho yetu, nasi tukaushughulikia kwa brashi ya rangi.

Ikafika Julai. Mnajua baridi ya huku kwetu, kuanzia Embu hadi Meru, ukungu usipoondoka hata saa sita mchana. Kwa kuwa mashine ipo, walifunga madirisha yote wakaingiza jiko la makaa chumbani. Usiku wa tatu mtoto alibanwa na kifua hata akashindwa kusema. Walimkimbiza hospitalini, na namshukuru Mungu kwamba walifika mapema.

Fundi alipoifungua mashine, mabamba hayakuonekana kwa utando wa kijivu uliochanganyika na masizi. Akamwambia shemeji, “Mama, hii imeacha kufanya kazi kitambo.” Na hata kama ingekuwa safi, isingewasaidia kwa habari ya jiko lile. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa ni gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Mabamba yale hunasa chembe tu. Gesi hiyo hayaigusi kamwe. Hatari kubwa ya usiku ule ndiyo ambayo hakuna aliyeifikiria.

Baada ya hapo kaka aliyaosha mabamba kwa bidii, akayarudisha yakiwa bado na maji. Cheche ziliruka, akachomoa waya haraka. Fundi akamwelekeza upya: zima, chomoa, ngoja dakika kadhaa umeme uliobaki ndani uishe, loweka mabamba kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, yaache yakauke kabisa. Zile nyaya nyembamba zipanguse polepole, maana hukatika upesi. Vitabu vingi vya maelekezo hutaja kuosha kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi kama ile ya Kangaru, mimi nasema usivuke mwezi.

Ndugu msomaji, kama una mashine ya aina hii, izime leo, ichomoe, uifungue uyatazame mabamba yake. Na jiko la makaa, hata baridi iwe kali vipi, liache nje.