Kuzama na Kuhodhiwa

Mtu aliyezama kitabuni hata hasikii akiitwa, Waingereza husema yuko "engrossed". Tangu shule nililipenda neno hilo, nikidhani ni sifa tupu. Baadaye nikajua asili yake: "en gros" ya Kifaransa, yaani kwa jumla. Ni neno la sokoni. Uingereza ya zamani, "engrosser" alikuwa mfanyabiashara anayenunua nafaka yote ili bei ipande, na lilikuwa kosa. Bunge lilifuta sheria dhidi yake mwaka 1772, na kosa lenyewe likafutwa kabisa 1844. Sisi tungesema amehodhi.

Kiswahili kinasema kuzama, na aliyezama yuko peke yake na maji. Penye kuhodhi kuna watu nje ya ghala, vikapu vitupu mkononi.

Jioni moja mama alinieleza majibu yake ya hospitali huku nikisoma riwaya kwenye simu. Niliitikia "ndiyo, mama" mara tatu, labda nne. Akamaliza, akaenda kuchambua mchele. Kesho yake nikamuuliza daktari alisemaje. "Si nilikwambia jana?" Hakurudia.

Riwaya ilikuwa nzuri, sitasema uongo, na kuzama si dhambi. Ila masikio yangu jioni ile yalikuwa yamenunuliwa yote, kwa jumla, na mama alikuja na kibaba chake tu.

Habari za mguu wake nilizipata kwa dada, anayeishi mbali. Alikuwa ameambiwa kwa simu.