Mganga Aliye Mbali

Mgonjwa aliye mbali na hospitali, tuna deni gani kwake? Swali hilo ni la zamani. Zamani tulijibu upesi: "Njia ni ndefu, mganga hawezi kufika." Neno hilo lilikuwa kweli, na dhamiri yetu ilitulia. Leo simu yafika mahali ambapo motokaa haifiki. Je, udhuru wetu umekwisha?

Tutazame nchi tajiri, tusije tukadhani kwamba swali hili ni la maskini tu. Katika milima ya Appalachia, mashariki ya Marekani, wako watu waliochimba makaa ya mawe tangu ujana wao, na vumbi limekaa katika mapafu yao. Mwaka 2018 wachunguzi walitangaza kwamba katika sehemu ya kati ya milima hiyo, mmoja kati ya wachimbaji watano waliofanya kazi miaka 25 au zaidi ana ugonjwa wa mapafu meusi. Wengine wameharibiwa na tumbaku. Katika Marekani nzima, mwaka 2015, ugonjwa wa kudumu wa kuziba njia za pumzi uliwashika watu wazima 8.2 kwa kila 100 mashambani, lakini 4.7 tu katika miji mikubwa. Na waganga wa mapafu wengi hukaa mijini. Ugonjwa uko huku, mganga yuko kule.

Ugonjwa huo hauponi. Mgonjwa wa namna hii hatoshewi na kuonwa mara moja na kupewa dawa. Ahitaji mtu wa kwenda naye miaka yote: amtazame kama avuta dawa ya pumzi sawasawa, amwongoze katika mazoezi ya mwili na ya kupumua, atambue mapema siku kikohozi kinapozidi. Mengi ya hayo yaweza kufanyika kwa simu yenye picha. Mwaka 2021 wachunguzi walikusanya majaribio 15 yenye wagonjwa zaidi ya 1,900, wakaona kwamba walioongozwa mazoezi kutoka mbali walipata faida karibu sawa na waliokwenda hospitali. Basi mtu anayehema akivuka ua wake, ni haki kumtuma safari ya saa nyingi ili akafundishwe kupumua?

Wengine watatujibu: "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Tuseme kweli, wana sababu. Simu haileti chupa ya oksijeni, wala haimwinui aliyeanguka. Lakini mkono wa mganga asiyefika kamwe wamfaa nani? Afadhali sauti inayorudi kila juma kuliko mkono unaongojewa mwaka mzima.

Hatari yenyewe iko mahali pengine. Kwanza, simu yenye picha yataka intaneti nzuri, na mara nyingi mabonde yasiyo na mganga ndiyo yasiyo na intaneti hiyo. Tusipoangalia, atakayesaidiwa wa kwanza ni yule aliyekuwa karibu tangu mwanzo.

Pili, ruhusa yaweza kukatika. Zamani Medicare, bima ya Serikali kwa wazee, ilimtaka mgonjwa wa mashamba aende kwanza kwenye kliniki, ndipo azungumze na mganga wa mbali. Mwaka 2020, kwa ajili ya Covid, aliruhusiwa kubaki nyumbani, na katika mambo fulani hata kutumia simu ya sauti tu. Lakini Bunge liliiongeza ruhusa hiyo kwa vipande vya muda, na Oktoba 2025 ilikatika majuma kadhaa. Ugonjwa haukukatika.

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote: mkubwa aweza kusema, "Tumewapa simu," kisha akafunga dispensari ya mwisho ya bonde. Hapo msaada umegeuka kuwa udhuru mpya.

Kwa hiyo twaona hivi: deni halipungui kwa sababu ya kilometa. Simu ni njema ikiongeza msaada, ni mbaya ikiuondoa. Tena kazi ianzie kwa yule wa mwisho, mzee asiye na intaneti wala asiyejua kuifungua. Apigiwe simu ya kawaida, na muuguzi aende nyumbani kwake.

Wala tusiseme, "Hayo ni ya Marekani." Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani, na katika waliokufa kabla ya miaka 70, karibu 90 kwa kila 100 walikuwa watu wa nchi zisizo tajiri. Moshi wa kuni jikoni ni sababu yake mojawapo. Kijijini mwetu mama akohoa miaka na miaka karibu na moto, nasi twasema, "Ni uzee." Wengi wetu tuna simu mfukoni. Twapiga kuuliza bei ya unga na habari za arusi. Ni nani aliyempigia mama huyo juma hili, amwulize kama alipata usingizi usiku? Na akijibu kwa pumzi fupi, ni nani atakayeondoka ampeleke kwa mganga?