Imamu Msusi wa Makapu

Amma baad. Ndugu zangu katika Imani, wamo vijana wetu hapa Ghuba waliomaliza masomo, nao wamekaa nyumbani wakingojea kiti cha ofisi. Ufundi wanauona ni kazi ya watu duni. Na wazazi huwatetea!

Basi na wamtazame Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mkuu wa madhehebu yetu mjini Basra katika karne ya 2 ya Hijra, na lakabu yake ni Al-Qaffaf, yaani msusi wa makapu. Wanafunzi walimjia kutoka Oman hata Maghrib, wakisoma kwa siri katika chumba cha chini ya ardhi. Imepokewa kwamba mlangoni palikuwa na mnyororo; ukitikisika, wote hunyamaza wakasuka makapu mpaka mgeni aondoke. Miongoni mwao ni Abdurrahman bin Rustam, aliyesimamisha Uimamu wa Tahert mwaka 160 wa Hijra.

Mwalimu wa maimamu hakuona haya kuitwa kwa kazi ya mikono yake. Kijana aliyepata kazi ya spana au ya mizani na ajifunze barabara, na ahudhurie kwa wakati. Ama aliyepokea ujira wa saa alizozikimbia bila ya ruhusa, huo si wake: amrudishie mwajiri, au amwombe amhalalishie.