Mungu Anaona, Lakini Anauliza



Juzi tulibishana kuhusu serikali kutumia akili mnemba kutambua sura za watu. Mwenzangu akasema, "Kama huna kosa, unaogopa nini? Mbona Mungu anakuona kila saa?" Nilikosa jibu.

Basi sikia hii. Januari 2020, Marekani, polisi wa Detroit walimkamata baba mmoja mweusi nje ya nyumba yake, mke na binti zake wakiangalia. Programu ilikuwa imelinganisha picha hafifu ya mwizi na picha ya leseni yake ya udereva. Hakuwa yeye. Alikaa mahabusu kama saa 30. Kosa hakuwa nalo, jamani!

Mungu anaona yote, kweli. Lakini Edeni alimwuliza Adamu yuko wapi. Kaini naye akaulizwa habari za ndugu yake. Anayejua yote bado anampa mtu nafasi ya kujibu. Mashine inakisia tu, na sisi tunahukumu. Mwaka 2024 polisi wale walikubali kutomkamata mtu kwa jibu la programu peke yake. Hiyo ndiyo haki ya kuidai popote.

Na wewe, ukitumiwa picha ya kumchafua mtu kwenye grupu, umemwuliza mwenyewe?